Mikono Iliyoiweka Liemba Majini

Msafiri anayevutiwa na mambo ya Wajerumani, akishuka treni Mpanda na kushika njia ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika, mara nyingi moyo wake uko kwa MV Liemba, na ana haki. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua, mwaka 1927 ikarudi kazini. Ufundi huo nauheshimu sana. Ila pongezi zangu kubwa ni za mabaharia na mafundi wa Kitanzania, maana grisi ya 1916 haikuwa na uwezo wa kuilinda meli miaka yote iliyofuata.

Wapo watakaosema chombo cha vita vya wakoloni hakistahili sifa. Hoja hiyo ni nzito. Makasha yale hayakujibeba, na walioyabeba hawakuulizwa kama wanaitaka vita. Lakini chombo hupimwa pia kwa kazi yake ya baadaye. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha wakimbizi kwao Kongo. Na vijijini kusikokuwa na gati ilitia nanga mbali na ufuko, maboti yakaja ubavuni, magunia ya dagaa yakapandishwa kwa mikono, na mabaharia wakawapokea akina mama na watoto mlangoni huku boti likiyumba. Simulizi za Papenburg haziwataji watu hao, nami naona ndio wenye meli.