Neno la Kitabu na Neno la Kinywa katika Kikantoni

Wanaojifunza Kikantoni husikia mara nyingi ushauri huu: shika kwanza neno rasmi, kwa kuwa ndilo la adabu, na neno la kila siku litakuja lenyewe. Kwa maoni yetu ushauri huo unachanganya mambo mawili, yaani maandishi na heshima.

Yafaa ikumbukwe kwamba mtoto wa Hong Kong husoma shuleni Kichina cha maandishi ambacho msamiati na sarufi yake hufuata Kimandarini, ingawa hukitamka kwa sauti za Kikantoni. Kitabuni ‘yeye’ ni taa. Kinywani ni keoi. Kitabuni ‘ni’ ni si. Kinywani ni hai. Basi mgeni aendaye sokoni na taa yake na si yake hajamheshimu muuza samaki hata kidogo. Amemsomea kitabu tu. Sheria ya mwaka 1974 ilipokifanya Kichina kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, haikutaja ni Kichina kipi cha kusemwa. Mtumishi wa serikali akaendelea kuandika kwa msamiati mmoja na kuwajibu wananchi dirishani kwa mwingine.

Wapo pia wanaodhani kwamba neno la kinywa ni neno lililoharibika. Hapo ndipo wanapokosea zaidi. ‘Kula’ kwa Kikantoni cha nyumbani ni sik, na ‘kunywa’ ni yam; maandishi ya leo hupendelea hek na hot. Lakini sik na yam ndiyo maneno ya Kichina cha kale, yale ya wanazuoni! Mwenye kuyaandikia ‘ya mtaani’ katika kamusi amemvua mzee kilemba.

Heshima nayo ina njia yake. Askari polisi ni ging-caat katika taarifa ya habari, na caai-jan watu wanapomtaja pembeni. Anayesimama mbele yake hatumii hata moja kati ya hayo; humwita aa-soe, neno lenye asili ya Kiingereza, ambalo wanafunzi pia humwitia mwalimu wao wa kiume.

Kwa hiyo alama moja ya ‘rasmi’ haimtoshi mtumiaji wa kamusi. Tungependa kila kidahizo kionyeshe mambo mawili mbalimbali: neno huandikwa au husemwa, na husemwa mbele ya nani. Mfasiri wa hati za mahakama ataanza na la kwanza. Muuguzi anayejifunza ili azungumze na wagonjwa ataanza na la pili.