Nafsineni si mshukiwa: Polisi wanapogeuka wahakiki wa nyimbo

Kuna swali ambalo kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne nchini Kenya amelizoea katika karatasi ya tatu ya Kiswahili: nafsineni ni nani katika shairi hili? Mtahiniwa aliyefunzwa vyema hataji jina la mshairi. Husema kwamba anayezungumza ni mkulima aliyepokonywa shamba, au mjane, au mlevi anayejuta. Mshairi ni mtu mwenye kitambulisho na namba ya simu. Nafsineni ni sauti aliyoiumba ili iseme ndani ya shairi. Wawili hao huenda wakafanana, na huenda wasikutane kabisa.

Ndani ya chumba cha mtihani, anayekosa swali hilo hupoteza alama chache tu. Nje ya chumba hicho, kulikosa kumewatia watu korokoroni. Hoja yangu leo ni kwamba mvutano wa polisi na wasanii, hasa marapa, kwa kiasi kikubwa ni mvutano wa uhakiki: nani anasema ndani ya wimbo, anasema na nani, na katika muktadha upi.

Tuanzie Nakuru, Aprili 2025. Kaunti hiyo ilikuwa mwenyeji wa Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu. Wasichana wa Butere walifika na mchezo wa Echoes of War ulioandikwa na Cleophas Malala, unaosawiri vijana wakikabiliana na utawala katika nchi ya kubuni. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kushiriki. Hata hivyo, Malala alikamatwa jioni ya kuamkia siku ya maonyesho, na polisi wakarusha vitoa machozi kuwatawanya raia na wanahabari. Asubuhi ya Aprili 10, wasichana waliingia jukwaani katika Shule ya Kirobon, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Malala aliachiliwa baadaye.

Zingatia maneno haya: nchi ya kubuni. Hakuna rais wa Kenya katika mchezo huo wala waziri wa Kenya. Wahenga walituambia kwamba ukirusha jiwe gizani ukasikia mtu analia, basi limempata. Serikali ndiyo iliyopiga yowe.

Mchezo wa kuigiza, hata hivyo, una bahati moja. Una wahusika wenye majina na maleba, na kila mtazamaji anajua kwamba msichana aliyevaa taji si mfalme. Rapa hana ngao hiyo. Anasimama peke yake mbele ya maikrofoni, anasema "mimi", anautaja mtaa wake kwa jina, uwe Bondeni, Kaptembwo au Rhonda, na anatumia Sheng ya mtaa huohuo. Akisema amebeba chuma na karao wanamsaka, msikilizaji asiye na subira husikia ungamo. Anachokisikia kwa kweli ni utanzu wa zamani sana.

Katika fasihi simulizi utanzu huo tunauita majigambo au vivugo. Sifa zake ziko katika kila kitabu cha kiada: hutungwa kwa nafsi ya kwanza, hujaa chuku, hutaja ushujaa wa kweli na wa kubuni bila kutenganisha. Fanani akijigamba kwamba ameua simba kumi kwa mkono mmoja, Shirika la Huduma za Wanyamapori halitumi gari kumkamata. Hadhira inajua kwamba simba wale wanaishi ndani ya utungo. Rapu imechukua mkondo huohuo, ikaweka bastola mahali pa mkuki na mtaa mahali pa ukoo. Kundi la Kalamashaka kutoka Dandora, lililoipa rapu ya Kiswahili heshima katika miaka ya 1990, liliuita wimbo wake mmoja "Tafsiri Hii". Jina lenyewe ni agizo kwa msikilizaji: usiyameze maneno mazima mazima, yatafsiri kwanza.

Dola imewahi kushindwa na agizo hilo hadi ikaaibika. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya ya Kikuyu, Matigari, kuhusu mpiganaji anayetoka msituni na kuzunguka nchi akiuliza ni wapi mtu anaweza kupata ukweli na haki. Wasomaji walimzungumzia shujaa huyo kwa hamu kiasi kwamba, kama Ngũgĩ mwenyewe alivyosimulia, makachero waliripoti kuna mtu aitwaye Matigari anayechochea wananchi, na amri ikatoka akamatwe. Walipogundua kwamba ni mhusika wa kitabuni, walikikamata kitabu. Mnamo Februari 1987 nakala ziliondolewa madukani. Tunaweza kucheka, lakini kicheko chetu kisitusahaulishe kwamba kosa lile lina sura nyingine ya kutisha zaidi. Mhusika hana mwili wa kufungwa pingu. Mtunzi anao.

Kuna jambo jingine ambalo historia ya Kiswahili inatufundisha kuhusu masikio ya askari. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, shujaa akiwa gerezani anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa njia ya wimbo: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi walikuwa palepale. Mkate ulipoletwa waliudharau kwa kuwa ni wa makapi, wakamwachia mfungwa. Kisha wakaifurahia ngoma ya gungu huku kelele zake zikiifunika sauti ya tupa ikikata minyororo.

Karibu na Nakuru kuna kisa cha namna hiyo ambacho si hadithi. Wakulima wa Olenguruone, waliogombana na serikali ya kikoloni hadi wakafukuzwa na kupelekwa Yatta mwishoni mwa miaka ya 1940, waliacha nyimbo zilizosambaa katika makazi ya maskwota wa Bonde la Ufa. Vuguvugu la Mau Mau lilipopamba moto, nyimbo nyingi za ukombozi ziliimbwa kwa mahadhi ya tenzi za kanisani. Mzungu aliyepita karibu alidhani ni ibada, akashika njia yake.

Visa hivi viwili vinaeleza kasoro ya msingi ya kuwapeleleza wasanii. Anayetaka kuficha ujumbe atauficha, na mlinzi asiyeijua lugha ataula wali na kuuacha mkate wenye tupa. Anayenaswa ni yule asiyeficha kitu, yule anayekemea hadharani, kwa jina lake, katika wimbo ambao kila mtu anaweza kuusikia. Wavu wa namna hiyo huwavua wasema kweli na kuwaacha wala njama.

Sasa tuwe waadilifu. Mkazi wa Nakuru, Molo au Naivasha ana sababu nzuri ya kuogopa maneno. Mapigano ya 1992 yalitanguliwa na maneno. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na tume hiyo ilivilaumu baadhi ya vituo vya redio vya lugha za mama kwa kupeperusha chuki. Katika eneo hili, neno "madoadoa" halimaanishi rangi ya chui. Linamaanisha majirani wa kabila jingine wanaotakiwa kuondoka, na kuna watu waliolisikia usiku, asubuhi nyumba zao zikawa majivu. Mnamo Juni 2022, mauaji ya wanawake katika eneo la Mawanga yaliutikisa mji, na serikali ikalinyoshea kidole genge la vijana liitwalo Confirm. Mzazi anayesema "afadhali polisi wasikilize hizo nyimbo kabla mwanangu hajaingizwa kwenye genge" hastahili kudharauliwa. Anayaongea aliyoyaona.

Lakini je, polisi wakizisikiliza, watasikia nini? Tuutazame mfano wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC). Mnamo Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi, tume hiyo ilitoa orodha ya maneno yaliyochukuliwa kuwa ya chuki. "Madoadoa" lilikuwamo, na "kwekwe" pia. Hapo hatuna ugomvi. Lakini katika orodha hiyohiyo liliwekwa neno "hatupangwingwi".

Tulichambue. Kitenzi ni "panga". Katika Sheng, kumpanga mtu ni kumzungusha kwa maneno matamu, kumlaghai. Tukikitia kauli ya kutendwa tunapata "pangwa". Tukikikanusha kwa nafsi ya kwanza umoja tunapata "sipangwi", na kwa wingi "hatupangwi". Ule mkia wa "-ngwi" hauna kazi yoyote ya kisarufi. Ni mwangwi wa silabi iliyotangulia, umeongezwa kwa utamu wa sauti tu. Neno lilitoka katika wimbo wa burudani, "Sipangwingwi", ulioimbwa na Exray, Trio Mio na Ssaru. Wanasiasa wa mrengo mmoja wakaliokota, wakaligeuza wito wa kampeni. Hakuna kabila ndani yake, hakuna wito wa kumfukuza mtu. Kuna ukaidi, na ukaidi si chuki.

Orodha ya aina hiyo ni kamusi isiyo na muktadha. Inadhani uhalifu unaishi ndani ya neno, kumbe unaishi katika tendo la kulisema. "Kasongo" ulikuwa wimbo wa Orchestra Super Mazembe kuhusu mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani. Vijana wa Kenya wamelifanya jina hilo kuwa la kumkejeli Rais William Ruto bila kubadilisha hata silabi moja. Je, tuupige marufuku wimbo wa mapenzi wa miongo kadhaa iliyopita?

Tatizo hili si la Kenya pekee. Nchini Marekani, mwaka 1989, afisa wa FBI aliiandikia kampuni iliyosambaza santuri za kundi la N.W.A. kulalamikia wimbo wao kuhusu polisi, na baadaye idara za polisi za New York na Miami zikajulikana kuwa zilikusanya taarifa za marapa. Jijini London, kuanzia 2005, waandaaji wa tamasha walitakiwa kujaza Fomu 696 wakieleza wasanii wao ni kina nani na muziki ni wa aina gani. Walalamishi walisema iliwalenga watu weusi, na mwaka 2017 polisi wakaiondoa. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria mwaka 2022 inayomtaka hakimu apime kwanza kama mashairi ya msanii yanafaa kutumika kama ushahidi wa jinai. Hapo jirani, Tanzania, Ney wa Mitego alikamatwa Machi 2017 kwa sababu ya wimbo "Wapo", kisha Rais Magufuli mwenyewe akaagiza aachiliwe. Siku chache baadaye Roma Mkatoliki alitekwa studioni Dar es Salaam pamoja na wenzake, wakaonekana siku tatu baadaye. Waliowateka wakaitwa kwa jina ambalo sasa ni msamiati kamili wa Kiswahili cha kisiasa: watu wasiojulikana.

Kwa hiyo tunataka nini? Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na ibara hiyohiyo inakataa uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Mstari umechorwa tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuusoma, na hapa ndipo fasihi ina zana. Maswali ni matatu, yote ya kidato cha nne. Nafsineni ni nani: ni mhusika wa kubuni, au ni mtu anayesema kwa jina na cheo chake? Nafsinenewa ni nani: ni hadhira inayostarehe, au ni kundi lililokusanyika likingoja amri? Muktadha ni upi?

Tumia maswali hayo kwa mwanasiasa anayetaja "madoadoa" mkutanoni. Anasema kwa nafsi yake mwenyewe, anaomba kura, na wanaomsikiliza wanalijua neno hilo tangu lilipochoma nyumba. Yatumie kwa kijana wa Rhonda anayeimba maisha ya jambazi aliyeuawa kwa risasi katika ubeti wa mwisho. Majibu hayafanani hata kidogo. Nafsineni si kichaka cha kujifichia, maana mwimbaji anayesimama upande wa kabila lake na kulitukana jingine bila mhusika wala kinaya atashindwa na swali la kwanza. Ila kijana wa Rhonda atapita, na anastahili kupita.

Lawama yangu ya mwisho ni kwa wahakiki wa Kiswahili. Makongamano yetu yamejaa Muyaka na Shaaban Robert, na ni sawa. Lakini rapu ya Bonde la Ufa, inayotungwa kwa Kiswahili na Sheng na vijana wa makabila ambayo wazazi wao walipigana, haina mhariri, haina mkusanyaji, haina kitabu cha maelezo. Msomi akiikataa kwa kuwa "si sanifu", anayebaki kuisoma mstari kwa mstari ni afisa wa upelelezi, na yeye haisomi kwa ajili ya vina. Vyuo vya Egerton, Kabarak na Laikipia viko hapohapo. Vikusanye mashairi haya, viyafasiri, viyaweke katika mtaala. Na siku rapa atakapofikishwa katika mahakama ya Nakuru kwa sababu ya ubeti, pawepo mwalimu wa Kiswahili kizimbani wa kumweleza hakimu ni nani hasa aliyesema "mimi".