Jina la Boriti: Lugha ya Fundi katika Viwango vya Ujenzi, kutoka Yingzao Fashi hadi Jinja na Mbale

Yingzao Fashi, mwongozo wa ujenzi uliotayarishwa na Li Jie na kuchapishwa na utawala wa Song mwaka 1103, kwa kawaida husomwa kama kitabu cha vipimo. Mbao ziligawanywa katika madaraja manane, na daraja la jengo lilipojulikana, kila kiungo kiliweza kukadiriwa. Shabaha ilikuwa kudhibiti ubadhirifu katika ujenzi wa serikali. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi. Li Jie anaeleza kwamba kati ya vifungu 3,555, vifungu 3,272 vilitokana na maarifa yaliyopokezanwa na mafundi. Aidha, sehemu mbili za mwanzo zinashughulikia istilahi, zikioanisha majina tofauti ya kitu kimoja. Boriti ilipewa jina kabla ya kupewa kipimo.

Hapo ndipo Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya Uganda ya 2013, pamoja na kanuni zake, inapopwaya. Imeandikwa kwa Kiingereza na kumhutubia mhandisi. Anayepandisha paa Jinja au Mbale hununua mbao kwa inchi na huitwa fundi. Hata akizungumza Kiganda, husema amabaati, amatoffaali na emisumaali, maneno ambayo Mswahili huyatambua mara moja. Sharti la mbao iliyotiwa dawa halimfikii kwa lugha hiyo, na mchwa hausubiri tafsiri. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 ulielekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, karakana haikuguswa.

Hata hivyo, kuagiza orodha ya istilahi kutoka pwani kungerudia kosa lilelile. Kombamoyo ni neno zuri la paa la makuti, ila fundi wa Mbale hana makuti. Liang Sicheng alipopata nakala ya Yingzao Fashi mwaka 1925, hakuweza kuielewa, ingawa alikuwa msomi wa lugha iliyoiandika: mafundi waliotumia maneno yale walikuwa wametoweka. Ilimbidi aanze na maseremala wazee wa Beijing, waliojua istilahi za enzi ya Qing, kisha apime majengo yaliyosalia. Maseremala wa Jinja na Mbale bado wapo kazini, na kazi ya kukusanya istilahi zao inapaswa kutangulia meza ya mfasiri wa sheria.