Kinyozi wa Wittenberg na Mafungo ya Kizota

Sharika zetu nyingi huandaa mafungo ya kiroho, na jambo hilo ni la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: mafungo hayo humwachia nini Mkristo arudipo nyumbani? Ili kulipima jambo hili tumechagua kijitabu cha sala ambacho Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter Beskendorf wa Wittenberg, mwaka 1535.

Nguvu ya kijitabu hiki ni unyofu wake. Luther haanzi na nadharia, bali na hali yake mwenyewe. Aonapo moyo wake umepoa kwa wingi wa shughuli, huchukua Zaburi, huingia chumbani au huenda kanisani, na kukariri Amri Kumi na Imani kama wafanyavyo watoto. Kila amri huisokota kama shada la nyuzi nne: fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Tena anaonya kwamba Roho Mtakatifu akianza kusema moyoni, mtu auache mpango wake, anyamaze na kusikiliza. Anamkumbusha Peter kazi yake: kinyozi asiyeuangalia wembe atamkata mtu pua au koo.

Hapa ndipo kijitabu kinapoyahukumu mafungo yetu. Mara nyingi ratiba hujaa tangu alfajiri hadi usiku: somo, kwaya, mahubiri, maombezi, kisha somo tena, yote kwa vipaza sauti. Washiriki hurudi wamesikia mengi, lakini hawakupewa hata saa moja ya kunyamaza mbele ya Neno. Hiyo ni semina, haijawa mafungo.

Lakini kijitabu nacho kina upungufu. Luther anadhani msomaji wake anacho chumba. Je, Mkristo wa Kizota, magharibi mwa mji wa Dodoma, aliyepanga chumba kimoja na watoto wake wote, ataingia wapi na kufunga mlango? Bwana wetu alitoka alfajiri akaenda mahali pasipo na watu (Mk. 1:35). Mahali pa namna hiyo pamezidi kuwa haba mjini humo, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Kwa Mkristo huyo mafungo si anasa. Ndicho chumba chake cha kuazima. Kukijaza makelele ni kumnyang'anya.

Liko pia jambo ambalo kijitabu hakilisemi, kwa kuwa lilitukia baada ya kuandikwa. Wakati wa Pasaka mwaka huohuo, Peter alimchoma kisu mume wa binti yake wakiwa mezani, akafa. Luther na wengine walimwombea. Akaepushwa na hukumu ya kifo, akafukuzwa mjini. Huyu ndiye aliyefundishwa kusali na Luther mwenyewe.

Je, mafundisho yalikuwa bure? Hatudhani hivyo. Katika dibaji aliyoiandika mwaka 1539, Luther alitaja mambo matatu yamfanyayo mtu mwanateolojia: sala, kutafakari na kujaribiwa. Sala haimwondolei mtu majaribu. Humwonyesha pa kukimbilia. Kwa hiyo mafungo yanayoahidi kwamba kila mshiriki atarudi mshindi yanaahidi kuliko Injili yenyewe, na kumwacha anayeanguka siku ya tatu akiona aibu kurudi kanisani.

Tunapendekeza basi kwamba wachungaji wapunguze masomo, kila mshiriki apewe Katekisimo Ndogo na saa za ukimya, na baada ya mafungo atembelewe nyumbani, hasa aliyeanguka. Luther hakumaliza kazi yake kwa Peter alipokabidhi kijitabu. Alimsimamia hata alipokuwa na damu mikononi. Uchungaji wa namna hiyo ndio unaoyapa mafungo maana yake.