Heko Matabibu wa Meno Wasio na Haraka

Wapo matabibu wa meno wengi, ila anayejua kumhudumia mtoto mwenye mtindio wa ubongo ndiye ninayemvulia kofia. Hamfokei mama. Mgonjwa anabaki kwenye kiti chake cha magurudumu. Tabibu anasimama nyuma yake, anakiegemeza kichwa mkononi, na kabla ya kugusa jino anamshikisha kile kioo kidogo akizoee. Kijana mwenye kifafa akija na fizi zilizovimba hadi kufunika meno, hamsemi kwa uchafu. Anauliza kwanza anatumia dawa gani, maana fenitoini, dawa ya kifafa, huweza kukuza fizi.

Tanzania ina haki ya kujivuna hapa. Mbinu ya kukwangua uozo wa jino kwa vifaa vya mkono na kuliziba, bila mashine ya kutoboa, na mara nyingi bila sindano ya ganzi, ilianzia nchini humo katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza. Ililenga vijiji visivyo na umeme, lakini imemfaa sana pia mtu mwenye usonji anayetishwa na mlio wa mashine.

Nawe mlezi, usingoje jino liume. Mpeleke mapema, na umweleze tabibu mwanao anaogopa nini.