Kinga ya Kuazima

Mfano ni chombo chema cha akili. Mtu wa bara asiyepata kuiona bahari akiambiwa kwamba bahari ni ziwa lisilo na ng'ambo, hupata mwanga kidogo moyoni mwake. Lakini mtu huyo akishuka pwani na mtungi wake ili achote maji ya kunywa, mfano uliomfundisha utamwacha na kiu. Ndivyo ilivyo mifano yote. Yatuongoza vyema pale panapofanana, na yatupoteza pale pasipofanana. Kwa hiyo mfano haufai kupokewa wala kukataliwa kwa jumla, bali hupimwa sehemu baada ya sehemu. Katika insha hii nataka, msomaji, tuupime pamoja mfano mmoja wa zama zetu, usemao kwamba kompyuta yaweza kulindwa kama mwili wa mwanadamu ujilindavyo na maradhi.

Jina la ugonjwa lilitangulia jina la dawa. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani aitwaye Fred Cohen alieleza habari za programu ziwezazo kujinakili ndani ya programu nyingine, akaziita virusi. Miaka minne baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyotungwa na mwanafunzi Robert Morris ilienea katika intaneti ya siku zile ikazielemea kompyuta nyingi. Hesabu itajwayo sana ni 6,000, na intaneti nzima ilikadiriwa kuwa na 60,000 tu. Watu wakiisha kulipa baa jina la maradhi, si ajabu wakatafuta ponyo lake kwa tabibu. Tangu hapo neno kinga likawa linabisha hodi katika nyumba ya wataalamu wa kompyuta.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1994. Mwaka huo Stephanie Forrest na wenziwe watatu, Alan Perelson, Lawrence Allen na Rajesh Cherukuri, walitoa andiko ambalo jina lake kwa Kiswahili laweza kuwa "Kupambanua Nafsi na Isiyo Nafsi katika Kompyuta". Forrest alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha New Mexico. Perelson alikuwa mjuzi wa hesabu za kinga ya mwili katika maabara ya Los Alamos, katika jimbo lilo hilo. Wenye elimu mbili zilizo mbali waliketi pamoja, na andiko lao likawa mzazi wa maandiko mengi. Hilo ndilo tutakalolihakiki.

Ili hukumu yetu iwe ya haki, yatupasa kwanza kujua mwili hufanya nini. Nyuma ya mfupa wa kidari iko tezi iitwayo thaimasi. Humo hukomaa seli za kinga ziitwazo seli T. Kila seli hubeba juu yake kipokezi, kilicho kama kufuli isiyojua bado ufunguo wake. Nacho hufanyizwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa kubahatisha. Kwa kuwa ni kwa kubahatisha, vipokezi vingine hutokea kushikana barabara na protini za mwili wenyewe. Seli zenye vipokezi hivyo zikiachwa zitoke, zitamshambulia mwenyeji aliyezizaa. Kwa hiyo nyingi huuawa mumo humo kabla ya kuhitimu. Zilizosalia hutoka kuzunguka mwilini, na kitu kinachoshikana nazo huhesabiwa kuwa kigeni.

Forrest na wenziwe walilichukua tendo hilo wakaligeuza kuwa kanuni. Kila kilichomo katika kompyuta huandikwa kwa tarakimu 0 na 1. Mafungu ya tarakimu yatakiwayo kulindwa huitwa nafsi. Kompyuta hubuni mafungu mengine kwa kubahatisha, kisha kila fungu lililobuniwa hulinganishwa na nafsi. Likifanana nayo hutupwa. Lisipofanana hupewa kazi ya ulinzi. Baadaye walinzi hao hulinganishwa na nafsi mara kwa mara. Siku mlinzi mmoja atakapofanana na kitu, hapana budi kitu hicho hakikuwamo tangu mwanzo. Nafsi imebadilika, na huenda mwizi ameingia.

Uzuri wa kanuni hii ni wa kweli, wala si haki mhakiki aupite kimya. Programu za kawaida za kuzuia virusi katika siku zile zilifanya kazi kama askari mwenye picha za wahalifu wanaojulikana. Mhalifu asiye na picha alipita mbele yake bila kuulizwa. Kanuni ya 1994 haikuhitaji picha ya mhalifu yeyote. Ilihitaji kuwajua wenyeji tu. Tena kila kompyuta yaweza kubuni walinzi wake yenyewe, wasiofanana na walinzi wa jirani, hata adui aliyejifunza kukwepa walinzi wa nyumba moja asijue walinzi wa nyumba ya pili. Mambo hayo mawili yalitoka mwilini, na yalikuwa hazina.

Sasa na tuzitazame kasoro. Ya kwanza ni ya hesabu, na mwanafunzi wa shule ya sekondari aweza kuihakikisha mwenyewe. Tuseme kila fungu linalobuniwa lina nafasi 1 katika 100 ya kufanana na fungu lolote moja la nafsi. Nafsi ikiwa na mafungu 100, basi katika kila 100 yatakayobuniwa, yapatayo 37 yatapona yawe walinzi. Nafsi ikiwa na mafungu 500, watapona wapatao 7 katika kila 1,000. Nafsi ikiwa na mafungu 1,000, atapona mmoja katika kila 23,000. Msomaji na azidishe 0.99 kwa yenyewe kadiri ya hesabu ya mafungu, ataona kwamba sijatia chumvi. Na mafungu 1,000 ni kitu gani? Ni kidogo mno katika kompyuta iliyojaa kazi. Waandishi wenyewe waliliona jambo hilo na kulikiri, na unyofu wao ni wa kusifiwa.

Mwaka 1996 Forrest, pamoja na Patrik D'haeseleer na Paul Helman, alionyesha njia za haraka zaidi. Lakini angalia, msomaji, wepesi huo ulipatikanaje. Walianza kwa kuichunguza nafsi yenyewe, kisha wakapata kwa hesabu mafungu yasiyofanana nayo, badala ya kubahatisha na kutupa. Yaani ili waende mbio, waliiacha njia ya thaimasi. Mwili waweza kubahatisha kwa sababu una seli nyingi kupita kiasi, na hauoni hasara sehemu kubwa ya wanafunzi wake wakifa kabla ya kuhitimu. Kompyuta haina utajiri huo. Mfano uliwafikisha mlangoni; kuingia ndani kuliwapasa kuuacha nje.

Kasoro ya pili ni katika neno nafsi. Kanuni hiyo yadhani kwamba kilicho ngeni ni kibaya na kilicho cha kwetu ni chema. Sisi tunaosema mgeni njoo mwenyeji apone tutashangaa kwa neno hilo, na kwa hakika mwili nao haulitii. Chakula tulacho ni kigeni, lakini mwili haukifanyii vita. Mtoto tumboni ana nusu ya urithi wake kutoka kwa babaye, lakini mama humlea miezi tisa. Mwaka 1994 uo huo Polly Matzinger, mtaalamu wa kinga nchini Marekani, alidai kwamba mwili hauulizi, "Huyu ni mgeni?" bali huuliza, "Pana madhara?" Wataalamu wa kinga wamebishana sana juu ya dai lake, lakini kwa kompyuta swali lake ni zito. Mwenye kompyuta huweka programu mpya, hufungua faili mpya, hubadili desturi zake. Mlinzi apigaye yowe kwa kila kipya huwachosha wenyeji. Nao wakiisha kuchoka, siku ya mwizi wa kweli hawatatoka kitandani.

Wengine walijaribu kuirekebisha kasoro hiyo. Mwaka 2005 Julie Greensmith, Uwe Aickelin na Steve Cayzer walieleza kanuni iliyoigwa kutoka seli za kinga zenye umbo la matawi, ambazo hukusanya dalili za hatari na za usalama kabla mwili haujaamua. Ni hatua ya mbele. Lakini katika kompyuta ni nani asemaye kuwa dalili hii ni ya hatari na ile ni ya usalama? Ni mwanadamu aliyeitunga programu. Mwili ulifundishwa dalili zake na vifo vya vizazi visivyo na idadi. Mtungaji hana ila ujuzi wake na muda wake. Swali gumu halikujibiwa; lilihamishwa tu kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, nayo yahusu adui. Mwaka 1996 Forrest, pamoja na Steven Hofmeyr, Anil Somayaji na Thomas Longstaff, alitoa andiko jingine. Humo nafsi ya programu ilitambuliwa kwa mafungu mafupi ya maombi ambayo programu huyapeleka kwa mfumo mkuu wa kompyuta: fungua, soma, andika, funga, na kadhalika. Kila programu ina mwendo wake, kama mtu ajulikanavyo kwa hatua zake gizani. Mwendo ukigeuka, kuna shaka. Kwa maoni yangu andiko hili ni bora kuliko la kwanza, kwa kuwa lilishika jambo dogo linalopimika. Tena halikuhitaji kubuni walinzi kwa kubahatisha. Liliweka tu kumbukumbu ya mwendo wa kawaida.

Hata hivyo, mwaka 2002 David Wagner na Paolo Soto wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walionyesha namna mshambuliaji awezavyo kujifunza mwendo huo. Huyapanga maombi yake upya, huyachanganya na mengine yasiyo na athari, mpaka fungu lolote litakalotazamwa laonekana la kawaida, na huku uovu unatendeka. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mwili nao hudanganywa vivyo hivyo. Kijidudu cha malale, kiletwacho na mbung'o, hubadili vazi lake la protini mara kwa mara, na kinga hubaki ikimfuata nyuma. Basi mtu asituambie kwamba ulinzi fulani ni imara kwa kuwa umeigwa mwilini. Mwili wenyewe huugua. Tena kijidudu hakisomi vitabu vya tabibu, lakini mshambuliaji wa kompyuta husoma maandiko yote ya mlinzi wake.

Liko jambo jingine linalotofautisha nyumba hizi mbili. Mwili hupoteza maelfu ya seli ili uzima wa jumla udumu, wala hauzililii. Kompyuta ya hospitali haiwezi kupoteza cheti cha mgonjwa mmoja ikasema kwamba vilivyosalia ni vingi. Cheti hicho ni cha mtu. Mwili hutaka kuishi tu. Sisi kwa kompyuta twataka siri ihifadhiwe, hesabu iwe sahihi, na kazi isisimame. Mlinzi aliyefunzwa kulinda uhai si lazima ajue kulinda amana.

Je, basi mfano huu ni bure? La, hasha. Tunda lake lililo tamu, kwa maoni yangu, halizungumzwi sana. Mwaka 1997 Forrest, Somayaji na David Ackley waliandika juu ya tofauti baina ya kompyuta. Katika umati wa watu hapana wawili wenye kinga sawasawa, ila huenda pacha wa yai moja. Kwa hiyo tauni ikipita, wengine husalia. Kompyuta zenye programu moja ni kama shamba la mbegu moja: ugonjwa ulioweza mche mmoja waweza shamba zima. Programu ya Morris ya 1988 ilizidhuru kompyuta za aina mbili tu, VAX na Sun, zenye mfumo wa Unix wa ukoo mmoja; nyingine zilisalimika kwa kuwa zilikuwa tofauti. Waandishi hao walishauri kwamba nakala za programu zitofautishwe makusudi kwa kubahatisha, bila kuharibu kazi zake. Leo mifumo mikuu ya kompyuta hubadilisha kwa kubahatisha mahali programu zinapowekwa katika kumbukumbu, ili mshambuliaji asijue kwa yakini pa kulenga. Hapo hapana seli wala tezi. Pana wazo tu, nalo lafanya kazi.

Hukumu yangu ndiyo hii. Andiko la 1994 ni jema kwa maswali liliyoyauliza kuliko kwa jibu lililolitoa. Kila mahali wafuasi wake waliposhika wazo na kulipima kwa hesabu na majaribio, walipata faida. Kila mahali waliposhika jina tu, wakaiita kanuni yao seli hii au tezi ile, walipata pambo. Chema chajiuza, kanuni iliyo njema haihitaji kuazima heshima ya damu.

Nawe mwanafunzi, huenda siku moja ukakabidhiwa kompyuta zenye fedha za watu au siri za wagonjwa. Atakuja mtu mwenye maneno matamu akuambie, "Chombo hiki hujilinda kama mwili." Usimcheke, wala usimwamini papo hapo. Muulize ni nini hasa kilichoigwa, na ni nini kilichoachwa. Muulize chombo chake hupiga yowe la uongo mara ngapi, na adui akijifanya mwenyeji itakuwaje. Akijibu kwa hesabu, msikilize. Akijibu kwa mfano mwingine, mkumbuke yule mtu wa bara aliyeshuka pwani na mtungi, uyaonje maji kabla hujaujaza wako.