Mwujiza Unaomficha Mwenye Ndege

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni, 2009, ndege ya shirika la Yemenia, safari namba 626, ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazija ilipokuwa ikijiandaa kutua Moroni. Ndani yake walikuwamo watu 153, na watu 152 walikufa. Aliyesalimika ni mmoja tu, Bahia Bakari, msichana wa miaka 12 aliyekuwa akisafiri na mama yake kutoka Ufaransa. Alishikilia kipande cha ndege kwa saa nyingi, gizani hata kukapambazuka, mpaka meli moja ya watu binafsi ikamwona na baharia mmoja akajitosa majini kumchukua.

Mara magazeti ya Ulaya yakampa jina: msichana wa mwujiza. Jina hilo halikumtoka tena. Hata kitabu kilichotolewa mwaka 2010 kwa jina lake, alichokiandika pamoja na mwandishi wa habari, kilibeba neno hilo hilo juu ya jalada. Tunataka kulichambua neno hili, kwa sababu neno katika gazeti haliangukii pale kama tone la mvua. Lina kazi yake, na yuko anayefaidika nalo.

Hatuna ugomvi na Mngazija aliyemshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto yule. Ugomvi wetu ni na mhariri. Mwujiza hauna bodi ya wakurugenzi. Hauna ratiba ya safari, hauna fundi wala mkaguzi, na hauna tikiti iliyouzwa kwa fedha za kibarua wa Marseille aliyejinyima mwaka mzima ili apeleke wanawe kwao. Mhariri akishaandika neno hilo juu ya ukurasa, msomaji huangalia mbinguni, na mwenye ndege hupata nafasi ya kupita chini bila kuonekana.

Neno hilo hufanya na kazi ya pili, nayo humwumiza msichana mwenyewe. Baba yake aliwaambia waandishi kwamba ni mtoto mwenye haya na kwamba hajui sana kuogelea. Mzazi alisema hivyo kwa mshangao na mapenzi. Magazeti yaliyachukua maneno hayo yakayageuza kuwa ushahidi wa unyonge: mtoto wa kike, dhaifu, hakufanya lolote, aliokolewa tu. Hebu ndugu msomaji ajiulize: mwanamume aliyeshikilia ubao baharini usiku kucha angeitwaje? Angeitwa shujaa, na angeulizwa alifanyaje. Mikono ya Bahia ilifanya kazi ile ile saa baada ya saa, lakini kazi ya mikono ya mwanamke, baharini kama ilivyo jikoni na shambani, huandikwa kana kwamba imejifanya yenyewe.

Lakini jambo zito kuliko yote liko katika maneno yake mwenyewe. Alieleza kwamba alipokuwa majini alisikia sauti za wanawake wakiita kuomba msaada. Magazeti yalilichapisha jambo hili kama kipande cha kusikitisha, kisha yakaendelea na picha ya kitanda cha hospitali. Hapo ndipo tunapoona upotoshaji mkubwa. Ikiwa wanawake waliita, basi walikuwako wengine walioanguka wakiwa hai. Hivyo swali lililopaswa kuulizwa asubuhi ile ile ni hili: nani alikuwa na wajibu wa kuwafikia, kwa chombo gani, na kwa nini hawakufikiwa? Msichana alitoa ushahidi, nao wakaupokea kama kilio. Na hakika neno mwujiza linahitaji iwe hivyo, maana mwujiza hupenda mtu mmoja tu.

Serikali ya Ufaransa nayo ilijua thamani ya picha. Bahia alirudishwa Paris kwa ndege ya serikali, na waziri akiwa pamoja naye. Wakati huo huo Wangazija waishio Ufaransa walikuwa wamekwisha kuanzisha chama mwaka 2008 cha kulalamikia hali ya safari za kwenda kwao. Hawakupewa ndege ya waziri.

Tuseme kweli na upande wetu. Wengi walirukia kusema kwamba ndege ilikuwa mbovu, na ni kweli waziri wa uchukuzi wa Ufaransa alikiri kwamba ukaguzi wa mwaka 2007 uliona kasoro ndani yake. Lakini taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2013 ilieleza kwamba marubani waliiendesha vibaya hata ikapoteza nguvu ya kuelea hewani. Hilo halimwondolei mwajiri jukumu. Kesi iliposikilizwa Paris mwaka 2022, mashtaka yalikuwa juu ya mafunzo ya marubani na juu ya kuendelea kutua Moroni usiku ilhali taa za uwanja zilikuwa mbovu. Bahia, sasa mwanamke mzima, alisimama akatoa ushahidi. Shirika lilitiwa hatiani likatozwa faini ya euro 225,000. Ukigawanya kwa maiti 152, haifiki euro 1,500 kwa roho moja.

Tabia hii haikuanzia Moroni. Baada ya mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba, 2004, picha za wanawake wakilia zilijaa duniani. Lakini shirika la Oxfam lilipohesabu watu katika vijiji vinne vya Aceh Besar, Indonesia, kati ya watu 676 waliosalimika wanawake walikuwa 189 tu. Wengi walikuwa nyumbani siku ile ya Jumapili, walirudi kutafuta watoto, na hawakufundishwa kuogelea wala kupanda miti. Anayeonyeshwa akilia ndiye aliyekufa zaidi, na sababu ya kufa kwake haikuingia katika picha.

Wala tusiwanyoshee wageni kidole peke yao. Mwezi Julai, 2009, bahari ilileta miili ya abiria wa ndege ile mpaka Mafia. Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Septemba, 2011, Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa imejazwa kupita kiasi, na watu wakaelea juu ya magodoro. Waandishi wetu nao walikimbilia machozi. Mwanamke aliyelala juu ya godoro baharini anajua meli ilianza kulalia upande gani, mizigo ilipangwa wapi, na abiria walipopiga kelele warudishwe bandarini ni nani aliyekataa. Aulizwe hayo kwanza, kabla ya kuulizwa anajisikiaje.